Wawindaji wa kale walimlaje mnyama mkubwa kama nyati au kiboko? Waliua wenyewe au walisubiri masalia ya simba?

#1 Mtembeza Wageni
Wakuu salaam. Natembeza wageni upande wa Ngorongoro na kila nikishuka nao Oldupai swali ni lile lile: hawa watu wa karibu miaka milioni 2 iliyopita, mkononi wana vipande vya mawe tu, nyati walimwangushaje?

Pale FLK, sehemu mojawapo ya kuchimba hapo Oldupai, mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, Julai 1959, yametoka maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama vikiwa vimechanganyika na mawe ya kuchongwa. Umri wake ni kama miaka milioni 1.84. Mifupa mingine ina michirizi ya kukatwa kwa jiwe, na hilo limeshathibitishwa kwa darubini tangu 1981. Kinachogombewa ni nani alifika kwanza kwenye mzoga.

Msimamo wangu: waliwinda wenyewe. Wanaosema waliokota makombo ya simba wanawadharau wazee wetu bure. Na swali la pili, mkishapata mnyama wa kilo 600, hakuna friji, hakuna sufuria, hakuna chumvi, mnamfanyaje? Karibuni.

#2 Mfupa Mkavu
Mkuu, kuokota si dharau. Mwanaakiolojia Lewis Binford ndiye aliyewasha moto wa ubishi huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliposema viumbe wale walikuwa wanapita mwisho kabisa na kuambulia uboho. Baadaye Robert Blumenschine akafanya kitu cha maana: alikwenda Serengeti na Ngorongoro kuangalia mizoga halisi inavyoliwa, nani anaanza na wapi.

Simba huanza na matumbo na mapaja, halafu mikono ya mbele, kichwa kinabaki mwisho. Mfupa mkubwa wa nyati simba haupasui, anayeupasua ni fisi. Kwa hiyo ukiwahi baada ya simba kuondoka na kabla fisi hajafika, chakula kipo pale: uboho ndani ya mifupa na ubongo ndani ya fuvu. Ukiwa na jiwe la kupondea umeshiba. Kwanini uhatarishe maisha yako kwa nyati aliye hai?

#3 Kijana wa Tanga
Nimeshavuta kigoda. Endeleeni wakuu.

#4 Mama wa Buchani
Mfupa Mkavu umeeleza vizuri lakini kuna jambo umelipita, na mimi nyama naichuna kwa mikono yangu kila siku Mungu anayoamka nayo.

Mkono wa mbele wa ng'ombe una mfupa wa juu umefunikwa nyama nene. Ukitaka kuibandua nyama yote kwa pigo moja, kisu kinateleza kwa urefu wa mfupa, na michirizi inabaki katikati ya mfupa, mbali na maungio. Ukitenganisha kiungo tu, michirizi inakaa kwenye ungio. Sasa kama simba ameshamaliza, katikati pale pamebaki vinyuzi. Hakuna mwenye akili atakayekandamiza kisu mahali pasipo na nyama.

Niliona maonyesho ya mifupa ya Oldupai, na maelezo yalikuwa kwamba michirizi mingi iko kwenye mifupa ya juu ya miguu, katikati. Sasa niambie, nyama hiyo ilitoka wapi kama simba alishakula?

#5 Mtembeza Wageni
Mama umenena. Hicho ndicho mtafiti Manuel Domínguez-Rodrigo na wenzake wanachokisema, na Henry Bunn kabla yao. Walifika mapema, nyama ikiwa bado juu ya mfupa.

#6 Mfupa Mkavu
Na alama za meno? Mifupa ile ile ina alama za meno ya wanyama wala nyama, na Blumenschine anasema kwa wingi wake na mahali zilipo, simba au chui alitangulia. Wenzake wanajibu kwamba nyingi si meno, ni mikwaruzo ya kemikali ya udongo na mizizi. Watu wanatazama mfupa mmoja na kutoa hesabu mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipo mpaka leo.

Halafu mama, kuna njia ya tatu. Enzi hizo kulikuwa na paka wakubwa wenye meno ya jambia. Meno marefu kiasi kile hayafai kukwangua mfupa, kwa hiyo wapo wanaoamini paka hao waliacha nyama nyingi kwenye mzoga kuliko simba wa leo. Ukiwafuata wao, unapata mfupa wenye nyama bila kuua.

#7 Mzalendo Halisi
Kwa kifupi Oldupai ndiko nyama ilikoanza kuliwa duniani. Watanzania tujivunie.

#8 Jaduong' wa Homa
Ndugu yangu hapo #7, jivunie lakini uvuke Ziwa kwanza. Kwetu Homa Bay kuna Nyayanga. Mwaka 2023 Thomas Plummer na wenzake walitangaza mawe ya kuchongwa ya kati ya miaka milioni 2.6 na 3, na pamoja nayo mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kiboko! Na kitu kinachotia watu kizunguzungu ni kwamba meno yaliyopatikana pale ni ya Paranthropus, jamaa wa yule yule Zinj wa Oldupai, ambaye siku zote tuliambiwa ni mla majani na mbegu. Aliyekata nyama ni nani hasa, haijulikani.

Jirani hapo tu kuna Kanjera Kusini, miaka kama milioni 2. Pale swala wadogo waliletwa karibu wazima, jambo ambalo mwokota makombo haliwezi, kwa sababu swala mdogo simba au fisi anammaliza palepale bila kubakiza kitu. Lakini wanyama wakubwa zaidi, vichwa vyao ni vingi kupita kiasi, kana kwamba vilibebwa peke yake kwa ajili ya ubongo. Kwa hiyo mahali pamoja, watu walewale, waliwinda mdogo na kuokota kichwa cha mkubwa. Mimi naona nyinyi wawili mnagombana bila sababu.

#9 Kijana wa Tanga
Jaduong' amekuja kuamua kesi ya Watanzania.

#10 Mwalimu wa Yaeda
Nimefundisha shule bondeni Yaeda, majirani zangu walikuwa Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, basi niongeze hapa.

Mzee wa Kihadzabe akiona tumbusi wanazunguka na kushuka, anaacha alichokuwa anafanya. Usiku wakisikia simba au fisi wanapiga kelele upande fulani, alfajiri wanaelekea huko. Wakimkuta simba juu ya mzoga wanamfukuza kwa kelele na mishale. Watafiti Kristen Hawkes na James O'Connell walikaa nao miaka ya 1980, na kati ya wanyama wakubwa waliopatikana, kama mmoja katika watano alitoka kwa simba, chui au fisi namna hiyo. Waliobaki waliuawa kwa upinde.

Na msidhani uwindaji wa mnyama mkubwa ni jambo la kila siku. Hesabu za watafiti hao ni kwamba mwindaji mmoja alikuwa akirudi mikono mitupu siku 97 katika 100. Mshale wenyewe una sumu, utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa mpaka unakuwa kama lami. Ukimpiga twiga haanguki palepale. Unarudi kambini, unawaacha wenzako wapumzike, kesho yake mnafuata nyayo. Kuna wakati fisi anawatangulia.

Akipatikana, habari inafika kambini na watu wote wanatoka. Mifupa ya miguu inapasuliwa palepale na uboho unaliwa ukiwa wa moto, watoto wa kwanza. Nyama inakatwa mapande marefu na kutundikwa mitini. Sasa sikilizeni hili: mifupa ya miguu iliyokwisha kuchunwa wanaiacha porini, ila uti wa mgongo na nyonga wanabeba kwenda nao kambini. Ni mifupa yenye kona kona, nyama yake haitoki kwa kisu, inatoka kwa kuchemsha tu.

#11 Binti Ugogoni
Mwalimu ahsante, umeeleza vizuri. Ila tukumbushane jambo. Wahadzabe ni watu wa leo. Wana vichwa vya mishale vya chuma, wana sufuria, wanauziana asali na majirani Wadatoga na Wairaqw kwa vizazi. Kumtazama Mhadzabe na kusema huyu ndiye mtu wa miaka milioni 2 ni kumkosea yeye na ni kuikosea historia. Anatuonyesha jambo gani linawezekana, hatuonyeshi lililotokea.

Pili, siku 97 za mikono mitupu, familia ilikula nini? Ilikula mizizi iliyochimbwa na mama na bibi, matunda ya mibuyu, ndulele za porini na asali. Hawkes huyo huyo ndiye aliyesema bibi aliyepita umri wa kuzaa ndiye aliyekuwa akiwalisha wajukuu. Uzi mzima huu wanaume mnagombania nyati.

#12 Mwalimu wa Yaeda
Hapo sina la kupinga dada, mizizi niliyokula kule ni mingi kuliko nyama. Matunda ya mibuyu nayo yanatwangwa, unga wake unachanganywa na maji, mtoto anashiba.

#13 Mzalendo Halisi
Binti Ugogoni, ndulele ni sumu. Wanaokula ni vitunda vingine vya porini, tafadhali usije ukamponza mtu.

#14 Daktari wa Lishe
Nashangaa mpaka hapa neno mafuta halijatajwa. Mwili wa binadamu hauwezi kuishi kwa nyama konda peke yake. Protini ikizidi takriban theluthi moja ya nishati yote ya siku, ini linashindwa kuichakata. Unakula mpaka unashiba na bado unadhoofika, unaharisha, ukiendelea unakufa. Wagunduzi wa Aktiki waliyaona hayo kwa watu walioishi kwa sungura tu.

Nyati wa mwisho wa kiangazi amekauka, nyama yake yote ni konda. Mafuta ya mwisho kwisha mwilini mwake ni yale ya uboho wa miguu ya chini na ya ubongo. Mwanaakiolojia John Speth alichimba mahali panapoitwa Garnsey, New Mexico, watu walipochinja nyati wa Marekani wakati wa masika yao, na akakuta sehemu za majike ziliachwa zaidi na za madume zikachukuliwa, kwa sababu msimu ule majike yenye mimba na yanayonyonyesha yalikuwa hayana mafuta.

Kwa hiyo Mfupa Mkavu anaposema "waliambulia uboho" anauita makombo. Kitabibu uboho ndio uliokuwa mali yenyewe.

#15 Mama wa Buchani
Daktari umenifurahisha. Kwangu watu wanaanza na supu ya makongoro na mifupa kabla ya kuulizia sarara.

Na mfupa wenyewe una ufundi wake. Nilijaribu kuupasua wa paja la ng'ombe kwa jiwe la mtoni nyuma ya bucha. Ukiupiga ukiwa na ule utando wake, jiwe linateleza na pigo linamezwa. Kwangua utando kwanza, uulaze juu ya jiwe kubwa lisilotikisika, piga katikati na si kwenye kichwa cha mfupa. Pigo la pili au la tatu unasikia mlio umebadilika, unafunguka kwa ufa wa kuzunguka, na uboho unatoka mzima mrefu kama mshumaa. Ukiupitisha motoni kidogo kabla, unapasuka kwa urahisi zaidi. Mahali jiwe lilipotua panabaki pengo la nusu duara. Mtembeza Wageni, yaangalie mapengo hayo kwenye mifupa yenu.

#16 Mtembeza Wageni
Yapo mama, na mengi. Na alama za kukwangua utando zipo pia kwenye baadhi ya mifupa.

#17 Mkurya wa Mugumu
Swali la pili la mleta mada halijajibiwa, niingie hapo. Kwetu pembeni ya Serengeti, enzi za babu, nyumbu wakipita wengi nyama ilikatwa vimoro: mapande marefu membamba, upana wa vidole viwili, hayana mafuta wala mshipa mnene. Yanatundikwa juani penye upepo, chini kunawekwa moto wa moshi mdogo kufukuza nzi. Jua likiwa kali, siku ya pili nje pameshakauka. Mzigo wa nyama mbichi wanaobeba wanaume wanne, ukikauka mmoja anatosha, maana karibu robo tatu ya nyama ni maji.

Hakuna chumvi, hakuna sufuria. Unahitaji kitu chenye makali, jua na mahali pa kutundika. Watu wa jiwe walikuwa navyo vyote.

#18 Kijana wa Tanga
Mkurya umeanza kutoa siri za ukoo, askari wa wanyamapori wamo humu.

#19 Mkurya wa Mugumu
Nimesema enzi za babu. Siku hizi mwenye hamu aende bucha la nyamapori lenye leseni, anapewa risiti.

#20 Mzalendo Halisi
Bei zake je? Nasikia pofu ni mtamu kuliko ng'ombe. Nani amekula atupe ukweli.

#21 Msimamizi wa Jukwaa
Bei za bucha zina uzi wake. Turudi kwenye mada.

#22 Mbeba Boksi Ujerumani
Salamu toka baridini. Karibu na mji wa Halle huku kuna mahali panaitwa Neumark-Nord, palikuwa na ziwa miaka 125,000 iliyopita. Wakazi walikuwa Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya. Mwaka 2023 Sabine Gaudzinski-Windheuser na wenzake walichapisha matokeo ya mifupa zaidi ya 3,000 ya ndovu wenye meno yaliyonyooka, zaidi ya ndovu 70, wengi madume wazima. Dume moja lilifika tani 13, karibu mara mbili ya ndovu wetu. Alama za kukata zimejaa kila mahali mpaka kwenye nyayo, kwa sababu kwenye nyayo za ndovu kuna mto wa mafuta. Alama za fisi na mbwamwitu ni chache sana, maana yake hawakuachiwa kitu.

Hesabu yao: ndovu wa tani 10 anatoa posho 2,500 za mtu mzima kwa siku. Watu 25 wanakula miezi mitatu, au watu 100 karibu mwezi mzima. Sasa ama walikausha kama Mkurya alivyosema, ama walikutana wengi kuliko tunavyodhani.

Na kuwinda haina shaka hapa. Lehringen, pia Ujerumani, mwaka 1948 ulipatikana mkuki wa mti wa mita 2.38 kati ya mbavu za ndovu wa enzi hiyo hiyo.

#23 Mfupa Mkavu
Miaka 125,000 na miaka milioni 1.84 ni vitu viwili. Kwamba Neanderthal aliua ndovu sipingi hata kidogo, hata mikuki ya Schöningen, Ujerumani, na farasi waliochinjwa pale inaonyesha uwindaji. Uzi ni wa Oldupai.

#24 Jaduong' wa Homa
Hapa katikati kuna Olorgesailie, njia ya Magadi. Ndovu mmoja, karibu miaka milioni moja iliyopita, amezungukwa na vipande vya mawe makali, mifupa ina alama. Aliuawa au alikufa mwenyewe, mawe hayasemi. Ila aliyemchinja alikaa pale akinoa na kutupa, akinoa na kutupa.

#25 Daktari wa Lishe
Mbeba Boksi, umeacha kilicho bora. Neumark-Nord hiyo hiyo, 2025, wametoa habari ya mifupa ya wanyama wakubwa wasiopungua 172, farasi, paa na ng'ombe mwitu, iliyopondwa vipande vidogo vidogo karibu na maji na kupashwa moto. Tafsiri yao ni kwamba walikuwa wanachemsha kutoa mafuta yaliyomo ndani ya mfupa wenyewe, yale yasiyotoka kwa kupasua. Uti wa mgongo anaoubeba Mhadzabe wa Mwalimu, ni jambo lile lile.

#26 Binti Ugogoni
Walichemshia nini? Chungu kilikuwa bado.

#27 Daktari wa Lishe
Ngozi au gome la mti juu ya moto haliungui mradi maji yamo ndani. Wengine wanasema mawe ya moto yalitumbukizwa kwenye shimo lenye ngozi. Kwa Oldupai hakuna dalili ya kuaminika ya moto, kwa hiyo kule nyama ililiwa mbichi, na ubongo na uboho ndivyo vilivyokuwa laini kwa meno.

#28 Mchuuzi wa Mnazi Mmoja
Nimesoma mahali kwamba hawakukausha wala kuchemsha, waliiacha ivunde makusudi na kula na funza wake. Kweli hili?

#29 Mbeba Boksi Ujerumani
Wazo hilo lipo, Speth yuko kwenye kundi hilo, andiko la 2025. Mifupa ya Neanderthal ina naitrojeni nzito kiwango cha juu mno, kupita hata simba, na mtu hawezi kula nyama kiasi hicho kwa sababu ya ini aliloeleza Daktari. Funza wa kwenye nyama iliyooza wana naitrojeni hiyo kwa wingi, na wana mafuta pia. Watu wengi wa kaskazini ya mbali walikula hivyo na kupenda.

Njia nyingine ni maji. Daniel Fisher wa Michigan alizamisha nyama ya farasi kwenye bwawa la baridi, ikakaa miezi ikaendelea kulika, akieleza jinsi nyama ya ndovu wa kale wa kule ilivyoweza kuhifadhiwa.

#30 Mkurya wa Mugumu
Bwawa la Michigan sawa. Uzamishe nyama kwenye bwawa la Serengeti uone mamba watakavyokuhifadhia.

#31 Mtembeza Wageni
Nashukuru sana wote. Bado niko kwenye kuwinda, na Mama wa Buchani amenipa nguvu. Ila kuna jambo linanisumbua: ukirudi mikono mitupu siku 97, na siku unapopata nyama kambi nzima inakuja kula, mkeo na wanao wanapata fungu sawa na jirani. Faida yake kwako ni nini?

#32 Mwalimu wa Yaeda
Hawkes anasema faida ni jina. Mwindaji hodari anaheshimiwa, anapata mke, wenzake wanampenda awe kambi yao. Wengine wanampinga, wanasema ni kukopeshana: leo umepata wewe, kesho atapata mwenzio na wewe hulali njaa. Nilivyoona mimi, aliyeua hakuwa hata na sauti ya kugawa. Nyama ikishaanguka ni ya watu. Na zipo sehemu za epeme, zinaliwa na wanaume waliokubalika peke yao, faragha, mwanamke na kijana hawasogei.

#33 Binti Ugogoni
Sehemu gani hizo?

#34 Mwalimu wa Yaeda
Moyo na figo zimo. Na ni sehemu zenye mafuta kuliko zilizobaki, Daktari atakuwa amenielewa.

#35 Mfupa Mkavu
Basi tukiacha jina na heshima, rudini kwenye vichwa vya Kanjera. Mtu anayewinda kwa ajili ya sifa habebi kichwa cha mzoga wa juzi kilometa nzima. Anabeba mwenye njaa. Mtembeza Wageni, ukishuka tena Oldupai uwaulize wachimbaji vichwa na taya za FLK ni ngapi ukilinganisha na miguu, uje na jibu tuendelee.

#36 Mtembeza Wageni
Miguu na taya vimezidi mbavu na uti wa mgongo, hilo linajulikana. Wewe utasema mbavu na uti vilibaki kwa simba, mimi nitasema fisi walikuja usiku wakatafuna mifupa laini baada ya watu kuondoka. Jumatatu nina wageni, nitauliza.